Scuola Grande di San Rocco, Venice: pale ngazini msipite mbio

Jamani mkifika Venice msiishie kupiga selfi na njiwa pale San Marco, pandeni boti mshuke San Tomà, hatua chache tu mko Scuola Grande di San Rocco. Mi nilienda na binamu yangu anayefanya kazi Padova, tulisema nusu saa inatosha, tumekuja kutoka tumbo linaunguruma.

Ni jengo la chama cha waumini kilichoanza 1478, wakimheshimu Mtakatifu Roko na kusaidia maskini na wagonjwa. Roko ndo anaombwa na watu wa tauni. Kwenye picha utamjua tu, kapandisha nguo anaonyesha mtoki, pembeni mbwa kamletea mkate.

Watu wote wanakimbilia picha za Tintoretto, yule mchoraji wa Venice, sawa, ila mi nilikwama ngazini. Pale ukutani kuna picha ya Antonio Zanchi ya 1666, ni ile tauni ya 1630, maiti zinateremshwa kwenye boti na huku juu mawinguni Bikira Maria ndo katokea, na we unapanda ngazi nao wako sawa na bega lako kabisa, nikakumbuka siku za korona nikanyamaza. Binamu ananivuta twende, namwambia ngoja kwanza. Ya upande wa pili ni ya Pietro Negri, sikukaa nayo sana.

Juu sasa, dari yote Tintoretto! Huyu bwana alikuwa mjanja, 1564 kwenye shindano la kupata kazi ya kuchora hapo wenzake wameambiwa walete michoro ya mfano yeye kaenda kabandika picha nzima darini kasema nawapa zawadi. Pale katikati ya ukumbi mkubwa kuna Nyoka wa Shaba wa Musa, ile ya kwenye Biblia, watu wameumwa na nyoka wamelaliana hovyo, na kaichora 1575 kwenda 1576, tauni iko mjini humohumo, ile iliyokuja kuua karibu watu 50,000. Hakuwa anachora ya kuhadithiwa.

Vioo vya kuangalizia dari vipo, chukueni. Mi nilijifanya mjuaji nikainua shingo, jioni sigeuki. Kahawa tuliyokunywa kichochoro cha jirani ndo ilikuwa wizi, hadi kiti tumelipia, bebeni maji yenu.

Nyota 5, na tatu ni za ngazi. Afu kanisa la San Rocco liko hapohapo, mwili wa Roko mwenyewe uko juu ya altare kuu, ingieni muone na ile ya Tintoretto ya 1549, Roko yuko katikati ya wagonjwa kwenye chumba cha giza, wagonjwa ndo wamejaa.