Lenzi ya 50mm f/1.8 na kamera ya zamani: uchambuzi kwa anayeanza kupiga picha Dodoma

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna vitu viwili: bodi (kamera bila lenzi) ya Canon EOS 600D, kamera ya mwaka 2011, na lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015; STM ni aina ya mota ya fokasi. Vyote viwili vinapatikana vikiwa vimetumika. Kwa anayeanza kujifunza picha hapa Dodoma, msimamo wangu ni huu: usimalizie pesa yako kwenye bodi. Chukua bodi ya zamani iliyo nzima, kinachobaki kiweke kwenye lenzi hii. Nitakuonyesha kwa nini, na nitakuonyesha inakwama wapi, maana inakwama.

Bodi tuipitie harakaharaka. Megapikseli 18 zinatosha kuchapa picha ya ukubwa wa A3 ikatoka safi, na Instagram haihitaji hata robo yake. Ina pointi 9 za fokasi, na ya katikati ndiyo makini kuliko nyingine. Chagua moja mwenyewe, iweke kwenye jicho la mtu. Ukiiachia kamera ichague, itakamata pua au kola ya shati.

Kuna watakaokushauri uchukue EOS 2000D, kwa kuwa ni ya 2018 na ina megapikseli 24. Ni kamera nzuri, ila itazame pale juu inapokaa flashi: Canon wameondoa kile kidoti cha katikati kinachofyatua flashi. Triga, yaani vifaa vya kufyatulia flashi za studio kwa mbali, zile za bei nafuu hazitafyatua hapo. Anayewaza kufungua studio ya paspoti alijue hilo kabla ya kulipa.

Sasa lenzi yenyewe. Ile 18-55 inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka zaidi). Hii inafunguka f/1.8, yaani inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile. Haina zumu: ukitaka karibu unasogea, ukitaka mbali unarudi nyuma, na hapo ndipo jicho linapoanza kujifunza kupanga picha.

Wengi wakishaipata wanaiacha f/1.8 muda wote, halafu wanasema haishiki fokasi. Inashika, ila inashika eneo jembamba mno. Ukiwa mita 1 na nusu kutoka kwa mtu, kwa f/1.8 eneo lililo kali ni kama sentimita 6. Akigeuza uso kidogo, jicho moja linakuwa kali na la pili limeshafifia. Funga hadi f/4, utapata kama sentimita 13, uso mzima unaingia na nyuma bado panafifia vizuri. Watu wawili nao waanzie f/4, wakiwa wamesimama umbali mmoja kutoka kwenye kamera.

Nikae kidogo kwenye jua, maana jua la Dodoma ndilo mwalimu mkali kuliko wote. Saa 7 mchana, anga likiwa jeupe bila wingu, picha sahihi kwa ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga) ni f/16 na shata ya 1/100 hivi, yaani mlango wa kamera unafunguka kwa sehemu ya mia ya sekunde. Ukifungua hadi f/1.8, kamera inahitaji shata ya 1/8000. Hii 600D inaishia 1/4000. Matokeo yake ni nguo nyeupe isiyo na alama yoyote ya kitambaa, na hakuna programu itakayoirudisha. Kwa hiyo mchana f/2.8 ndiyo mwisho wako, na kamera itakupa 1/3200. Bora zaidi, ondoka juani. Msimamishe mtu chini ya mti au kwenye baraza, hatua moja ndani ya kivuli, akitazama upande wa nje. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na jua unarusha mwanga wa joto unaojaza chini ya kidevu na machoni. Ukiona wekundu umezidi, tandika shuka jeupe chini mbele yake. Lakini kama unaweza kuchagua, piga jioni kuanzia saa 11 hadi saa 12 na nusu. Pale Nyerere Square jua likishalala upande, hata ukuta wa kawaida unapendeza.

Jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayaligusi ni ngozi zetu. Kamera haijui inamtazama mtu. Inataka jumla ya picha iwe na mwanga wa wastani. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au anga angavu, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama gizani. Weka Av (wewe unachagua f, kamera inachagua shata), shikilia kitufe cha Av +/-, zungusha gurudumu la juu hadi +2/3 au +1. Nyuma pakiwa peusi, mambo yanageuka: uso unaungua kwa mwanga, shuka hadi -2/3. Na upige RAW, yaani faili ghafi la kamera, badala ya JPEG ya kawaida. Uso uliozama ukiuinua kutoka kwenye JPEG unatoka na madoa na rangi ya majivu.

Ukumbini usiku, kwenye sendofu au kicheni pati, ndipo lenzi hii inapolipa gharama yake. Anzia M (unachagua kila kitu mwenyewe), f/2, ISO 1600, shata 1/100. Nimechagua 1/100 makusudi: umeme wetu ni wa 50Hz, taa nyingi za LED zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na ukiharakisha shata unapata mistari myeusi ikikata picha. Lenzi hii haina kizuia mtikisiko, hivyo viwiko vibane mbavuni. Mtu anayecheza kwa 1/100 atafifia mikono. Subiri anaposimama kidogo kati ya hatua na hatua, ubonyeze hapo.

Inapokwama ni chumbani. Kwenye bodi hizi zenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea picha), 50 inaona kama 80 kwenye kamera ya sensa kubwa. Kumpata mtu mzima aliyesimama, kichwa hadi viatu, unahitaji kurudi nyuma karibu mita 4 na nusu. Sebule ya kawaida haina nafasi hiyo, sembuse kuwapanga bibi, wajukuu na makochi. Kama kazi yako ni familia za ndani, vyakula vya mgahawa au vyumba vya gesti, acha hii uchukue EF-S 24mm f/2.8 STM. Mtu mzima anaingia kwa mita 2 na kidogo tu, na inakaribia kitu hadi sentimita 16, sahani inajaa picha. Mwanga wake ni mdogo kuliko wa 50, lakini picha usiyoweza kuipiga kwa kukosa nafasi haikusaidii.

Wenye Nikon: D3200 ni nzuri, ila bodi haina mota ya fokasi. Lenzi iandikwe AF-S, yaani yenye mota yake ndani. Ukiuziwa 50mm ya AF-D, isiyo na mota, kwa kuwa ni nafuu, utazungusha kwa mkono kila picha.

Vumbi sasa. Kiangazi hapa, upepo unapoanza kuvuma, vumbi linaingia kila mahali, na kubadili lenzi barabarani ni kulikaribisha ndani. Zima kamera. Geuza mgongo upepo unakotoka, au ingia kwenye gari ufunge vioo. Lenzi mpya ilegezwe kifuniko cha nyuma kabla hujatoa ya kwanza. Mdomo wa kamera utazame chini, badilisha, funga. Usipulize kwa mdomo kamwe, mate yanaganda kwenye sensa. Tumia pampu ya mpira, na ukisafisha sensa kupitia menyu betri iwe imejaa, kwa sababu ikikata katikati shata inafunga juu ya kifaa chako. Kujua kama sensa ina vumbi, weka f/22, fokasi ya mkono uliyoipoteza makusudi, piga anga tupu. Kila doa jeusi linalorudi mahali palepale kwenye kila picha ni punje ya vumbi.

Hii STM nayo ina udhaifu wake. Pua yake inatoka nje ikitafuta fokasi, na kamera ikizimwa pua ikiwa nje, usiisukume kwa kidole, unaua mtambo wa ndani. Washa, lenga mbali hadi irudi, ndipo uzime. Huduma kubwa unayoweza kuipa ni kofia yake, ES-68: inashika gamba la nje, hivyo ikigonga mlango haigongi pua.

Dukani, hakikisha unauziwa yenyewe. Ile ya zamani, f/1.8 II, ina mdomo wa nyuma (unaoshikana na kamera) wa plastiki na haikaribii kitu chini ya sentimita 45. STM ina mdomo wa chuma na inafika 35. Washa tochi ya simu, ipitishe nyuma ya lenzi, tazama kwa mbele: nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, na lenzi iliyokaa kwenye unyevu wa pwani huota hiyo. Vumbi dogo la ndani halina shida, fangasi iache. Kamera ikionyesha Err 01, mara nyingi ni viunganishi vichafu kati ya lenzi na kamera. Mwombe muuzaji avifute kwa kitambaa kikavu, ikirudia usichukue. Betri ya LP-E8 iliyovimba utaijua kwa kuwa inang'ang'ania kutoka. Nenda na memori kadi yako, piga picha 20 za f/1.8 kwenye gazeti ulilolilaza kwa pembe, ukilenga mstari mmoja, kisha ukazikuze kwenye kompyuta. Kama mstari ulio mkali ni wa mbele au wa nyuma ya ule uliolenga, na inajirudia kwenye picha nyingi, jaribu lenzi hiyo kwenye bodi nyingine hapohapo kabla ya kutoa pesa.