Tahadhari kwa mnaosafiri kwenda kazini Uarabuni: laptopu niliyouziwa Kariakoo ilikuwa na mwenyewe

Ndugu zangu mnaojiandaa kuondoka, hasa mnaokuja huku Emirates na mnatafuta laptopu ya kuongea na watoto nyumbani, naomba msome hili kabla hamjatoa hela. Mimi nimeshatoa. Laki saba na themanini ya mashine, elfu arobaini ya "programu ya kupiga simu", baadaye laki na nusu nyingine ya kufunguliwa. Leo mashine iko juu ya kabati na haifunguki. Jina la mtu siliandiki, kwa sababu siamini kwamba jina alilonipa mimi ndilo analowapa wengine. Ninachotaka mkijue ni mchezo wenyewe unavyochezwa.

Mimi ni muuguzi, niko Sharjah. Mwanangu yuko darasa la tano, anakaa Morogoro kwa mama yangu. Kabla sijaondoka tulikubaliana kwamba kila jioni nitamsimamia kazi za shule kwa video. Saa tatu usiku ya huku ni saa mbili ya nyumbani, na zamu yangu ya mchana inakuwa imeisha. Simu haitoshi kwa kazi hiyo. Mtoto akinyanyua daftari la hesabu mbele ya kamera, kwenye kioo cha simu sijui kama ameandika 6 au 0, nami siwezi kumwambia amekosea kitu nisichokiona. Ndiyo sababu ya laptopu. Sikutafuta sifa, nilitafuta kioo kikubwa na kamera inayoonyesha.

Nilimpata muuzaji WhatsApp, kupitia tangazo alilolirusha rafiki yangu. Zilikuwa zimebaki siku tatu niruke. Tukakutana Mtaa wa Aggrey, akanikalisha kwenye kiti nje ya duka moja la kompyuta, "karibu ofisini, dada", akaingia ndani na kutoka na mashine imezungushiwa nailoni ya mapovu. Mimi nikajua duka ni lake. Wazoefu wa Kariakoo mnawajua mawinga: hana fremu, hana bidhaa, anachukua mzigo kwenye duka la mtu na kukuletea kwa bei yake. Wapo mawinga waaminifu wanaolea familia kwa kazi hiyo, nimenunua kwao vitenge na viatu miaka mingi bila tatizo. Ila winga wa laptopu ukimkosa leo, kesho huna mlango wa kugonga.

Mashine ilipendeza. Bodi ya chuma, kibodi safi, stika ya Core i7 (aina ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta) inang'aa pembeni. Akaiwasha, ikawaka upesi, akacheza video, sauti safi. "Dada'angu, hii imetoka Ulaya, ilikuwa ya ofisini, haijateswa." Hapo alisema kweli, na ukweli huo ndio ulioniponza.

Wakati wa kulipa akasema lipa namba inasumbua, nitume kwenye namba ya kawaida. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. "Ni mke wangu, tuma tu." Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine yao haina chaji. Nikapewa karatasi ya mkono isiyo na namba ya mashine, imegongwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Nawaeleza haya yote kwa sababu kila moja lilikuwa kengele, na mimi nilikuwa na haraka ya safari. Yeye aliijua haraka yangu. Swali lake la kwanza kabisa lilikuwa, "Dada unaruka lini?"

Wiki sita ilifanya kazi. Jioni sita kati ya saba nilikuwa na mwanangu kwenye hesabu. Kisha ikaanza kujivuta, diski ikajaa, na mwenzangu wa chumbani akanishauri niifute yote ianze upya, ile mafundi wetu wanaita kupiga Windows. Nikafuata hatua, ikazima na kuwaka. Nikachagua lugha, nikachagua kibodi, nikaiunganisha na Wi-Fi ya hosteli. Ikazunguka dakika moja hivi. Halafu kioo kikabadilika: nembo ya kampuni moja ya Ulaya ambayo sijawahi kuisikia, maneno ya kunikaribisha kwenye kampuni hiyo, na kisanduku cha kuandika barua pepe yangu ya kazini. Hakuna kitufe cha kuruka. Nikaizima, nikaiwasha, kikarudi kilekile. Nilikaa kitandani nikiitazama ile nembo, na saa mbili ya nyumbani ikapita.

Sasa sikieni jinsi inavyokuwa. Kampuni kubwa zinaponunua laptopu za wafanyakazi huzisajili kwa Microsoft kupitia mfumo unaoitwa Windows Autopilot. Usajili huo haukai kwenye diski, uko kwenye seva, na umefungamana na mashine yenyewe. Ufute diski, ubadilishe diski, bado upo. Kila Windows inapowekwa upya na mashine ikapata intaneti, inauliza kule: mimi ni ya nani? Inajibiwa: wewe ni ya kampuni fulani. Anayetaka kuiuza anaweka Windows bila intaneti, mashine haiulizi kitu, inafunguka kama mpya. Utaitumia hata mwaka mzima. Siku utakayoifuta, au fundi akaifuta, inamkumbuka mwenyewe.

Na si lazima iwe ya wizi. Kampuni huko nje hubadilisha laptopu kila baada ya miaka michache, za zamani hupewa wanunuzi wa jumla, na nyingi zinazofika Kariakoo hupitia hukuhuku Dubai na Sharjah. Kampuni iliyo makini hufuta usajili kabla ya kuachia mzigo. Nyingine hazifuti. Nyingine mzigo ulipaswa kuharibiwa, ukauzwa njiani. Niliiandikia ile kampuni ya kwenye kioo, nikawapa namba ya mashine na kuwaeleza nilikoinunua. Walinijibu kwa heshima: mashine ile ilikuwa kwenye orodha ya kuharibiwa, hawawezi kuiachia. Siwalaumu. Kwao mimi ni mtu nisiyejulikana mwenye mali yao.

Nikampigia winga. Alipokea, na alikuwa mpole ajabu. "Pole dada, hiyo ni kufuli ndogo, ninaye fundi anafungua kwa mbali, laki na nusu tu." Nikatuma, kwa sababu nilikuwa nawaza daftari la mtoto. Fundi akanitumia kitu cha kupakua kwenye flashi, hakikufanya kazi. Akaomba elfu themanini nyingine, pamoja na picha ya pasipoti na kitambulisho changu cha Emirates, "kuthibitisha umiliki". Hapo ndipo nilipozinduka. Mtu akishika picha za hati hizo anaweza kutapeli wengine kwa jina lako katika nchi ambayo wewe ni mgeni. Nikakataa. Usiku uleule namba zote mbili zikanifungia. Mdogo wangu alikwenda Aggrey siku iliyofuata. Mwenye duka akamwambia yule si mtu wake, huwa anasimama tu pale nje.

Nilipompelekea fundi wa huku yakatoka na mengine. Stika ni i7, ndani ni i5-6300U. Kwa prosesa kama hii, namba inayofuata baada ya kistari ndiyo inayosema kizazi: 6 ni kizazi cha sita. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025. Yaani hata ingekuwa huru, nilikuwa nimenunua mashine ambayo muda wake umekwisha. Stika hizo zinauzwa mitaani kwa rundo, msizisome. Someni ndani: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na jina la prosesa litatokea lenyewe.

Kuhusu ile elfu arobaini. Aliniambia WhatsApp haipigi Dubai, hivyo ananiwekea VPN ya maisha, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya kwingine. Ni kweli kwamba simu za sauti na video za WhatsApp kwa kawaida hazipiti huku, ujumbe ndio unapita. Lakini hakuniambia kwamba sheria ya Emirates inamwadhibu anayetumia VPN kutenda kosa au kulificha: kifungo, faini kuanzia dirham 500,000 hadi 2,000,000, au vyote viwili. Muuguzi gani ana fedha hiyo? Na programu ya VPN ya wizi iliyowekwa na mtu usiyemjua inaweza kusoma kila unachoandika, pamoja na maneno ya siri ya benki. Huku zipo njia halali. Botim inapiga, mama yangu anayo kwenye simu yake. Zoom na Microsoft Teams zinapiga pia. Hazihitaji winga, mnaziweka wenyewe, na mnamwekea bibi kabla ya kuondoka, akiwa bado yupo mbele yenu wa kumwelekeza.

Kwa hiyo ukinunua laptopu ya mtumba, iwe Kariakoo, Nairobi au hukuhuku Dubai, fanya jambo moja ambalo mimi sikulifanya: ifute mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Usikubali ya kuwashwa na kucheza video. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Recovery, chagua Reset this PC, ondoa kila kitu. Itachukua nusu saa, pengine saa nzima. Kaa hapo, nunua maji, subiri. Ikiwaka iunganishe na hotspot ya simu yako, si ya kwake, na uhakikishe imeunganishwa kweli. Ikikuomba barua pepe yako ya kawaida, sawa. Ikikukaribisha kwenye kampuni au shule ya mtu, rudisha, uondoke. Muuzaji akisema "haina haja dada, nimeshakupigia Windows safi", umeshapata jibu lako. Kwa MacBook ni vilevile: ikishafutwa na kupata mtandao, isikuombe akaunti ya mtu mwingine wala isiseme inasimamiwa na shirika.

Ukiwa hapohapo iwashe tena ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, uone kama inaomba neno la siri. Ikiomba, iache. Kisha betri: fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, na ufungue faili itakayokutajia. Utaona ujazo betri ilipotoka kiwandani na ujazo inaoufikia sasa. Yangu ilitoka na 50,000, imebaki 17,300. Ndiyo maana ilikuwa inazima dakika arobaini baada ya kuchomoa chaja, nami nikidhani umeme wa hosteli hauichaji vizuri.

Kwa kazi ya kuongea na nyumbani huhitaji i7. i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 inatosha kabisa. Kamera ndiyo ya kukagua kwa makini: weka daftari mbele yake, andika namba ndogo, usome. Chaja msihangaike nayo, huku plagi ni zile za pini tatu za mraba tulizozizoea.

Na kama unaweza kuvumilia, usinunue wiki ya safari. Subiri mshahara wa kwanza. Bur Dubai lipo jengo la Al Ain Centre lenye maduka ya kompyuta yaliyopangana, yenye milango na risiti, na unaweza kurudi kesho yake ukiwa na malalamiko. Ifute hukohuko pia.

Kwa aliyekwisha kuumizwa: usifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala. Namba za matapeli tuma kwenda 15040 ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania), ripoti polisi, na FCC (Tume ya Ushindani) wapo kwa ajili ya mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mdogo wangu ameshafungua jalada kwa niaba yangu. Muhuri wa "hairudishwi" usiwatishe, mashine yenye mwenyewe haikuwa yake kuiuza.

Na wewe uliyekwisha nunua na unaruka wiki hii: ifute leo usiku, ukiwa na intaneti, wakati muuzaji bado anapokea simu zako na bado uko umbali wa daladala moja kutoka alipokuuzia.