Msumeno wa mbili kwa moja (pembe chini, meza juu): uzoefu wangu wa mwaka na nusu

Nina huu msumeno mwaka na nusu sasa, ile aina ambayo chini unakata pembe na juu ya kichwa chake kuna kimeza cha kupasulia mbao, yaani kuikata kwa urefu wake. Natumia karibu kila wiki, nimeshatengeneza nao fremu, makabati, vitanda viwili na rafu nyingi tu, kwa hiyo nilichoandika hapa nimekiona kwa macho yangu. Naupenda. Ila kuna jambo aliyeniuzia hakuniambia na kijitabu chake kimelitaja kwa mistari miwili tu, nalo ni kwamba hatari kubwa ya huu msumeno iko pale unapouhamisha kutoka kazi moja kwenda nyingine.

Sikia, ukiwa unakata pembe mbao imetulia na bledi ndo inashuka, unashika mbao kwa mkono wa kushoto huku wa kulia uko kwenye mpini. Ukihamia juu kupasua, kichwa umekifunga chini kwa pini, bledi haishuki wala haipandi, mbao ndo inasafiri na mikono yako inasafiri nayo. Yaani mazoea yaliyokulinda dakika tano zilizopita sasa hivi hayakusaidii kitu, na kibaya zaidi bledi inatokeza juu ya kimeza na wakati huohuo sehemu yake kubwa bado iko kule chini inazunguka. Ndo maana kuna kava la chini la kufunga kabla hujapasua. Mi wiki ya pili nilishaisahau, nimeshachomeka plagi kabisa, penseli ikadondoka, nikainama kuiokota na hapo ndo nikaona meno yote yako wazi usawa wa tumbo langu. Nilichomoa waya nikakaa chini kwanza.

Tangu siku hiyo plagi naichomoa kwanza na kuiweka juu ya kimeza niione, ndo nahamisha. Nafunga kichwa kwa pini na kukivuta kwa nguvu kuona kama kweli kimeshika, kava la chini, kisu cha nyuma ya bledi (kibamba kinachopita kwenye mwanya uliokatwa), kava la juu, fensi (ukingo wa kuegemeza mbao), kijiti cha kusukumia nakiweka karibu na mkono wa kulia, halafu nazungusha bledi kwa mkono mzunguko mmoja kuhakikisha haigusi popote. Inachukua kama dakika tatu. Nikirudi kwenye pembe nanyanyua kimeza mpaka bledi isitokeze juu, maana kimeza chenye meno yaliyo wazi juu wakati unakata pembe chini ni balaa la kujitakia.

Kuhusu kuufunga siku ya kwanza, usiuweke sakafuni wala juu ya meza inayocheza, piga bolti nne kwenye benchi. Halafu usiamini namba zilizochapwa. Kata ubao mpana kwenye nyuzi 90, chukua kipande kimoja kigeuze juu chini, vikutanishe tena pale ulipokata huku vimeegemea kitu kilichonyooka. Mwanya ukiuona, huo ni mara mbili ya kosa lenyewe. Wangu ulikuwa na mwanya wa kama mm 1 kwenye ubao wa sm 10, nikalegeza skrubu za fensi ya nyuma nikairekebisha kwa skwea mpaka mwanya ukaisha.

Fensi ya kimeza cha juu ndo udhaifu mkubwa wa mashine hii na ndo iliyonitia hofu kuliko chochote. Inafungwa upande wa mbele tu, nyuma inabaki inaelea. Siku moja nilikuwa napasua ubao wa unene wa mm 20 nitoe kipande cha mm 40, nimefunga fensi haraka bila kupima nyuma, kumbe imeinama kuelekea bledi kama mm 2 hivi. Nimefika nusu nikasikia harufu ya mbao kuungua, mota ikabadilisha sauti ikawa inalalamika, na mimi badala ya kuzima nikaendelea kusukuma. Ubao ukaruka nyuma. Sijui hata niseme ulienda kasi gani, nilichoona ni kwamba haupo tena mkononi na mlango nyuma yangu una kidonda cha kuingiza kidole. Ulipita pembeni ya nyonga kwa sababu nilikuwa nimesimama upande wa kushoto na sio nyuma ya bledi moja kwa moja. Meno ya nyuma ya bledi yanapanda juu, mbao ikibanwa ubavuni yanaishika, yanainyanyua na kuirusha kwa aliyesimama mbele. Kisu kilikuwepo na kava lilikuwepo. Kisu kinazuia mwanya usijifunge nyuma, lakini fensi iliyoinama bado inaweza kuibana mbao. Sasa napima kila mara, natia alama jino moja, napima kutoka jino hilo mpaka fensi likiwa mbele, nalizungusha mpaka nyuma napima tena, na nyuma ya fensi naweka klempu.

Na ukisikia ile harufu usisukume wala usivute mbao kurudi, ishikilie hapohapo, zima, subiri bledi isimame kabisa.

Bledi nazo zilinisumbua. Ya meno 24 inapasua vizuri ila kukata pembe inachana nyuzi, ya meno 60 inakata pembe safi ila kupasua inapata moto. Kila saa kubadilisha haiwezekani, nimebaki na ya meno 48 na nasukuma mbao taratibu. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba bledi za kukatia pembe meno yake yameinama nyuma kidogo ili isirukie mbao, ukifunga ile ya kupasua yenye meno yaliyoinama mbele sana utahisi kichwa kinavutwa chini chenyewe. Pia niliwahi kununua bledi nyembamba, inakata mwanya wa mm 1.8 na kisu changu kina mm 2, mbao ikifika kwenye kisu inagoma, nikajua kosa liko wapi nikairudisha. Kisu kiwe chembamba kuliko mwanya na kinene kuliko bamba la bledi, basi. Nati ya bledi inafunguka kinyume na ulivyozoea, wengi wanaiharibu hapo kwa kukaza wakidhani wanalegeza.

Kwenye pembe mambo ni machache ila usiyafanyie mzaha. Mkono ukae sm 15 kutoka bledi, usipishanishe mikono, kipande kifupi kisichokupa hiyo nafasi kibane kwa klempu au ukikate kutoka kwenye mbao ndefu. Acha bledi ifike kasi yake yote ndo ushushe, na ukimaliza achia swichi huku kichwa kikiwa bado chini, ikisimama ndo unyanyue. Nilikuwa nanyanyua inazunguka, vipande vidogo vinaruka usoni. Mbao iliyopinda weka mgongo wake kwenye fensi, ukiweka kinyume inafunga bledi. Na juu kule kwenye kimeza usipasue kwa mkono bila fensi hata kidogo tu, wala usitumie fensi kama kipimo cha urefu ukiwa unakata kwa kukingamiza, kipande kinachobaki kati ya fensi na bledi kinanaswa na kurushwa.

Glavu sivai kabisa, jino likishika uzi wa glavu linavuta na mkono. Mikono ya shati nakunja. Miwani, kinga za masikio na barakoa muda wote, maana IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, waliliweka vumbi la mbao kundi la 1 la vinavyosababisha saratani na kimeza cha juu kinatupa unga hewani hata ukiunganisha kifyonza vumbi, hapo chini kidogo kuna nafuu.

Mapungufu mengine, juu haupasui zaidi ya mm 40 hivi, kimeza ni kifupi mno, ubao wa mita mbili lazima uweke stendi upande wa pili la sivyo unaning'inia na kuinuka mbele. Swichi nimeipenda, umeme ukikatika na kurudi msumeno hauwaki wenyewe mpaka ubonyeze tena.

Kwa hiyo kama kazi yako kubwa ni fremu, rafu na makabati na nafasi unayo ndogo, chukua, ila kabla hujalipa mwambie muuzaji akuoneshe kava la chini na kisu viko ndani ya boksi, na fensi uishike nyuma uitikise. Kama unapasua mbao nene kutwa nzima tafuta msumeno wa meza kamili. Wangu siuuzi, ila fensi nataka niitengenezee ya kufunga pande zote mbili mwezi ujao, nimeshakata bamba la kuanzia.