Luka ya kusikiliza: nyota nne, ya tano kinanda kimeila

Hii programu ya Biblia ya sauti niliidaunilodi tarehe 1 Desemba mwaka jana kwa sababu moja tu, Injili ya Luka ina sura 24, ukisikiliza moja kila siku unamaliza mkesha wa Krismasi. Kipindi kile sikuwa na raha kabisa, nimetoka kufiwa na mama afu kazi yangu ni ulinzi, zamu ya usiku, watu wakishangilia sikukuu mi nasikia kelele tu.

Siku ya pili ndo sura ya 2, ile ya kuzaliwa Yesu. Msomaji hana haraka jamani, wala hapambi sauti. Akafika kwa wale wachungaji, "wakikaa makondeni na kulinda kundi kwa zamu usiku", nikaganda hapo hapo getini, nikarudisha nyuma nikasikiliza tena. Kwa zamu. Usiku. Yaani Kaisari Augusto, mtawala wa Warumi, katajwa mstari wa 1 kabisa lakini habari hakupelekewa yeye, walipelekewa watu walioko lindo, na kitu cha kwanza malaika anawaambia ni Msiogope. Msomaji akalisema hilo neno akanyamaza kidogo, ndo akaendelea na "habari njema ya furaha kuu". Nililia, kwa mara ya kwanza tangu msiba nililia vizuri.

Afu ile amani ya mstari wa 14 nilikuwa nadhani ni matatizo kuisha, kumbe ukisikiliza mfululizo unaona mtoto bado yuko kwenye hori, nafasi nyumba ya wageni hakuna, Warumi bado wanatawala, na mstari wa 20 wachungaji wanarudi kulekule ila wanarudi wakimsifu Mungu. Mi hapo ndo nimeshika. Mama hajarudi na zamu ni ileile, lakini saa tisa usiku sasa hivi naimba.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya kinanda. Jeshi la mbinguni, wale malaika wengi, likitokea wanakipandisha hadi kinafunika "duniani iwe amani", maneno yenyewe ndo hayo tunayoyasubiri! Na hamna pa kukizima, nimetafuta kwenye mipangilio yote, tafadhali waturekebishie. Taima ya kuzima sauti nayo inakata katikati ya sentensi. Ila mstari wa 19, Mariamu anapoyaweka maneno yote moyoni mwake, kinanda kinanyamaza kabisa, hadi unamsikia msomaji anavuta pumzi.