Vitabu nilivyomsomea shangazi akiwa eda

Shangazi yangu alifiwa na mumewe mwaka jana, akakaa eda nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, miezi minne na siku kumi. Mimi ndiye niliyepangiwa kulala naye, kwa kuwa sina watoto wadogo na kazi yangu ya ushonaji inabebeka. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa watu. Ya tatu tulibaki wawili, cherehani na feni. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo, ila masikio yanasikia hadi ugomvi wa nyumba ya pili. Nikaanza kumsomea vitabu nilivyokuwa navyo kwenye sanduku, na karibu vyote vilikuwa habari za wanawake.

Nilianza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Kosa langu. Mfiwa hasomewi Rosa Mistika. Mara ya kwanza niliisoma kidato cha pili, jalada limefunikwa gazeti, kwa sababu ilikuwa na historia ya kupigwa marufuku shuleni na sifa hiyo haikuwahi kuitoka, hata ilipokuja kufundishwa madarasani. Wakati ule nilitafuta kurasa za aibu tu. Safari hii nilimwona Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na nikaona jinsi kipigo kile kinavyomfuata Rosa mpaka shuleni na chuoni. Shangazi alisikiliza akikunja uso. "Sasa mbona kila mlango anaoufungua huyu mtoto yuko mwanamume nyuma yake, ana fimbo au ana hela?"

Tulipofika Rosa anapojiua, alinyamaza, halafu akasema wanaume wakiandika habari zetu huwa na haraka ya kutuzika. Nilibisha kidogo. Kezilahabi anajua fika mwenye lawama ni nani, na Regina, mama yake Rosa, amemchora kwa huruma nyingi. Lakini sikuwa na hoja ya kutosha. Nilijaribu kuwakumbuka wasichana wa riwaya zetu za shule wanaokosea na kuzeeka salama, vidole vya mkono mmoja vikanitosha. (Kwa anayetaka kununua: nakala yangu ni ya mtumba na katikati zinakosekana kurasa nne. Pekua kabla hujalipa.)

Kitabu cha pili ndicho kilichotuweka macho mpaka saa saba usiku. Ni Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979 na kupata tuzo ya Noma, ya vitabu vya Afrika, mwaka uliofuata. Ramatoulaye, mwalimu mwenye watoto kumi na wawili, amefiwa na mume, na akiwa ndani ya eda anamwandikia shoga yake Aissatou. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kitabu chote ni cha eda. Nilipoisoma chuoni niliiona kama hadithi ya uke wenza. Modou anamwoa Binetou, rafiki wa binti yake mwenyewe, na habari inaletwa nyumbani ndoa ikiwa imeshafungwa. Sasa nikiwa nimekaa kwenye mkeka pembeni ya mjane wa kweli, niliona mambo mengine: wageni wanaokula na kuacha uchafu, pesa za rambirambi zinazohesabiwa mbele za watu, mke mkubwa na mke mdogo wanaopewa heshima sawasawa kana kwamba miaka yao ni sawa.

Shangazi alikuwa akinikatiza kila ukurasa. "Hata huko?" Hata huko, shangazi. Dakar na Tanga hazijawahi kuandikiana barua, lakini siku ya arobaini wanaijua. Na ni baada ya siku hiyohiyo ndipo Tamsir, kaka wa marehemu, anapokuja kifua mbele kumtangazia Ramatoulaye kwamba eda ikiisha atamwoa. Yule mama aliyenyamaza miaka yote anamjibu, na anamjibu vizuri. Nilipomaliza pale shangazi aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, polepole, "usiruke neno." Sikumuuliza kwa nini. Katika ukoo wetu yapo yasiyoulizwa.

Kama nina lawama kwa kitabu hiki, ni kwamba Binetou hapewi nafasi ya kutosha. Mwandishi anasema wazi kuwa binti amesukumwa na mama yake mwenye tamaa, lakini sauti yake hatuisikii. Ningependa kusoma barua yake yeye. Mariama Bâ alifariki mwaka 1981, na riwaya yake ya pili ikatoka yeye hayupo.

Baada ya hapo niliingia kwenye maisha yaliyoandikwa na wenyewe. Kumbukumbu za Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyekuja kuitwa Emily Ruete, zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Mimi nina za Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nikitafsiri papo hapo, na mahali pagumu nikidanganya kidogo. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, Unguja, na wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma lakini si kuandika. Akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Yeye alijifunzia ukutani, kwa mkaa, akachapwa kwa kuchafua ukuta. Kalamu ile ndiyo iliyokuja kumponza Salme: ndugu zake walipopanga kumpindua Sultani Majid mwaka 1859, yeye akawa karani wao.

Sitaficha kwamba kuna kurasa zilizonichefua. Salme anautetea utumwa wa nyumbani kwao kwa utulivu wa mtu ambaye hakuwahi kubeba maji, na Waafrika anawaongelea kwa dharau. Niliyasoma yote kama yalivyo, hapo sikudanganya. Shangazi akasema, "Bibi zetu ndio hao waliokuwa wakimbebea." Hata hivyo hakutaka niache. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, na mwaka 1870 mume huyo akafa kwa ajali ya tramu kule Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo kwenye baridi. Nilisoma hapo, shangazi akauliza swali moja tu: "Na eda yake alikaa na nani?"

Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, ulioandikwa na Shaaban Robert niliusoma kwa siku mbili. Kwa sikio hakuna kinachoushinda. Sentensi zake zinapumua zenyewe. Kwa habari, umeniacha na njaa. Mzee anamsifu Siti mpaka jasho linakauka mwilini mwake, na mimi nilitaka lile jasho: msichana wa Fumba aliyepewa jina la Mtumwa, anayeuza vyungu, hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shangazi alianza kuimba wimbo mmoja, akakumbuka yuko eda, akaziba mdomo.

Cha mwisho kilikuwa Unbowed, kumbukumbu za Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, cha mwaka 2006, ambacho nacho nilikitafsiri. Utoto wake Nyeri ni mtamu: mkuyu ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ni mti wa Mungu, na kijito chenye mayai ya vyura. Nilidhani habari za miti ndizo zitakazomshika shangazi, lakini yeye alishikwa na talaka. Wangari anasema jambo kuhusu hakimu, anatupwa ndani kwa kuidharau mahakama. Mume hataki tena aendelee kutumia jina lake, naye analiongezea herufi moja ya "a" na kuendelea kulitumia. Kisha anapata kazi ya kusafirisafiri, hana namna, anawapeleka watoto kwa baba yao na kuondoka. Anaeleza hivyo tu, bila kujipigapiga kifua wala kutuomba tumwonee huruma.

Nilitegemea shangazi amlaani. Alikaa kimya mpaka feni ikazimika kwa umeme kukatika. Gizani akaniambia kwamba binti yake wa kwanza alimwacha Pangani kwa bibi yake miaka miwili, alipopata kazi ya mkonge, na kwamba hajawahi kulisema jambo hilo kwa mtu. Halafu akasema, "Kesho uendelee."

Eda iliisha hatujafika Uhuru Park, bustani ya Nairobi ambayo Wangari aliipigania. Kitabu nimemwachia mjukuu wake wa kidato cha tatu amalizie. Shangazi ananipigia simu karibu kila siku kulalamika kwamba mtoto anasoma mbio na anaruka maneno.