Kifurushi cha sungura mchanga: kizimba kizuri, dawa waachie wenyewe

Wauzaji wengi wa Nairobi, wa sokoni na wa mtandaoni, humuuza sungura mchanga kwa kifurushi: mnyama, kizimba cha waya chenye trei, chupa ya maji, kilo moja ya pelleti (chakula cha sungura kilichogandamizwa kuwa vipande vidogo), na mara nyingi pakiti ya unga wa kuzuia kuhara. Tunakipa 5 kwa 10, na alama nyingi ni za kizimba. Kinachohitajika kuliko vyote, nyasi kavu, hakimo. Nunua boma Rhodes, aina ya nyasi hizo, kwenye agrovet, iwe mbele ya sungura usiku na mchana.

Mkague mnyama kabla ya kulipa. Aliye chini ya wiki 6 usimchukue. Tumbo huvurugika hasa wakati wa kuachishwa kunyonya, na koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo viitwavyo koksidia, huwaua wengi wakati huohuo. Shika miguu ya mbele utazame upande wa ndani. Sungura mwenye mafua hupangusa pua kwa miguu hiyo, kwa hiyo hata muuzaji akimfuta pua ikang'aa, manyoya ya pale yatakuwa yamegandana kwa kamasi. Mgeuze: matako yawe makavu, tumbo laini. Likiwa limekaza kama ngoma, mwache. Magamba ya kahawia ndani ya sikio ni utitiri. Unatibika, ila dai upunguziwe bei.

Trei ndiyo yenye thamani. Itandike gazeti, ukague kinyesi kila asubuhi. Vidonge vya mviringo, vikavu, vya ukubwa mmoja: yuko sawa. Vikipungua na kuwa vidogo, utumbo unapunguza mwendo. Majimaji au ute kama jeli ni dharura. Vishada laini vinavyong'aa si kuhara, ni kinyesi anachopaswa kukila mwenyewe. Vikibaki vingi, punguza pelleti.

Chupa ijaribu kwa kidole, maana gololi ya mdomoni mwake hukwama, na asiyekunywa huacha kula.

Pelleti ni udhaifu mkubwa. Hupimwa kutoka gunia lililofunguliwa, bila tarehe. Zikinuka ukungu, tupa. Usikubali chakula cha vifaranga badala yake: baadhi kina dawa za koksidia ambazo kwa kiwango cha kuku huweza kumdhuru sungura. Ukibadilisha chakula, changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Unga wa kuzuia kuhara usio na jina usimpe kabisa, maana hujui una dawa gani. Amoksilini ya kunywa, kwa mfano, huua bakteria wa utumbo wanaomsaidia kumeng'enya, kisha huja kuhara kunakoua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil nayo ni sumu kwake.

Akikaa saa 12 bila kula, akijikunja pembeni akisaga meno, masikio yakiwa baridi, usingoje kesho. Joto la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40. Likishuka chini ya 38 hali ni mbaya kuliko homa yenyewe. Mfunike, weka kando yake chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa taulo. Piga simu kwanza, kwani si kila daktari wa mbwa na paka hutibu sungura. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo kule Kabete. Beba na kinyesi cha siku hiyo kwenye mfuko safi, kipimwe kwa hadubini kabla hajaandikiwa dawa.