Gripu za Golf Pride MCC kwa sisi wa Dar wenye mikono ya jasho, ila anza na saizi kwanza

Wadau wa gofu, kila nikikaa klabu nakuta watu wanabishana kuhusu draiva (fimbo ya kupiga mbali), mara hii mpya imetoka, mara ile ina uso wa kaboni, halafu ukiishika fimbo ya huyohuyo anayebishana unakuta gripu imekauka inang'aa kama soli ya kiatu cha zamani. Jamani gripu ndo sehemu pekee ya fimbo ambayo mkono wako unaigusa! Mi nimezitumia hizi MCC za kampuni ya Golf Pride za kutosha, viwanja vya Lugalo, Gymkhana, hadi TPC kule Moshi, nikaona niandike maana wengi wananunua kwa kuangalia rangi tu.

MCC ni gripu ya nusu kwa nusu. Juu, pale unapokaa mkono wa glavu, raba imechanganywa na nyuzi, ukiipapasa inakwaruza kidogo. Chini ni raba laini tupu. Sasa kwa hali ya hewa ya Dar hiyo nusu ya juu ndo inayonifanya niisifie, mwezi wa pili ukifika shimo la tano glavu imeshalowa, na zile nyuzi zinanyonya unyevu kwahiyo fimbo haizunguki mkononi. Na hapa watu hawaunganishi mambo, fimbo ikianza kuteleza unaibana, ukiibana misuli ya mkono kuanzia kiwiko inakaza, kiwiko na kifundo vinakuwa kama vimefungwa, kichwa cha fimbo kinachelewa kugeuka na mpira unaondoka kulia (kwa anayepiga kwa mkono wa kulia), halafu mtu anaenda kumlipa kocha arekebishiwe swingi, yaani namna anavyozungusha fimbo, wakati shida iko kwenye raba.

Ila kabla ya MCC au nyingine yoyote, saizi. Hii ndo naomba usome taratibu. Zipo ndogo, standadi, midisaizi na jambo (jumbo). Midisaizi imeizidi standadi kwa inchi 1/16 tu ya kipenyo na jambo kwa 1/8, ukisikia hivyo unaona ni kitu kidogo lakini mkono unajua mara moja. Kipimo rahisi, shika fimbo kwa mkono wa juu peke yake, kisha angalia ncha za kidole cha kati na cha pete, zinatakiwa ziguse kidogo tu ile nyama ya chini ya kidole gumba. Zikichimba kwenye nyama, gripu ni nyembamba kwako. Zikibaki mbali haziifikii, ni nene.

Mafundi wengi watakwambia nyembamba inaachia mikono icheze sana na mpira unakatika kushoto, nene inaituliza mikono na ukizidisha mpira unabaki kulia. Kiukweli mi naichukulia kama dira na si sheria, kwa sababu watu wana swingi tofauti. Angalia mchezaji wa kulipwa Bryson DeChambeau anapiga na magripu manene ya JumboMax, mtu mwingine ukimpa yale hata mpira hataukuta vizuri, wakati Tiger Woods amecheza miaka na Tour Velvet yenye nyuzi, gripu nyingine ya Golf Pride, ya saizi ya kawaida tu. Kwahiyo pima mkono, halafu piga mipira uone.

Kwangu iliyonikaa kuliko zote ni MCC Plus4, toleo jingine la MCC. Hii chini wameiacha nene, ni kama vile umezungushia tepu tabaka nne chini ya mkono wa kulia, kwahiyo haichongoki kama gripu za kawaida. Mimi nina tabia ya kubana na mkono wa kulia nikitaka kupiga mbali, na hii inautuliza mkono wenyewe bila mimi kuuwaza. Kama na wewe mpira wako unakimbilia kushoto ukiongeza nguvu, ijaribu hii kabla hujagusa kitu kingine. Ila angalia na uzito, kila gramu 5 hivi ukiongeza kwenye gripu unasikia kichwa cha fimbo kimekuwa chepesi, na kuna watu hilo linawapotezea taimingi.

Sio ya kila mtu lakini. Kama una yabisi ya vidole au unacheza bila glavu hizo nyuzi zitakuchosha, wazee wetu wenye maumivu ya mikono nawashauri gripu za Winn Dri-Tac, ni laini sana, japo kwa ulaini huo hazidumu kama raba. Na ndugu zangu wa Arusha, huko kwenye baridi na ukavu Tour Velvet ya kawaida inatosha kabisa, MCC bei yake inaelekea mara mbili, hiyo hela nunua mipira.

Kuagiza sasa. Angalia ndani ya gripu imeandikwa 0.580 au 0.600, hicho ni kipenyo cha shafti (mti wa fimbo) inayokusudiwa, kwa inchi, ukiivalisha ya 0.580 kwenye shafti ya 0.600 inatanuka na kuwa nene kuliko ulivyopima. Kufunga sio kazi kubwa, tepu ya pande mbili na waiti spiriti ya duka la rangi, unaisukuma kwa mkupuo mmoja bila kusimama njiani, unanyoosha mistari, unaacha ikauke masaa kadhaa. Shafti za grafaiti usitumie kisu cha kawaida kutoa gripu ya zamani, tumia wembe wa ndoano, ukikwaruza nyuzi za kaboni shafti inaweza kuvunjika baadaye.

Zikishakaa zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, brashi laini, kausha. Na begi usiliache kwenye buti la gari juani, joto linaua raba haraka. Ushauri wa kawaida ni kubadilisha kila mwaka au kila raundi 40. Kama bajeti haijakaa sawa usinunue za fimbo zote kwa pamoja, nunua moja, ifunge kwenye aironi namba 7, uipeleke renji (uwanja wa mazoezi) ukiwa umeshatoka jasho tayari, maana asubuhi na mapema kila gripu inashika vizuri.